Mahali pa Kuiweka Ndege

Kila jioni, kabla ya kufunga mlango wa uani, Mwenye Nyumba alifagia mchanga. Hakuwa akifagia takataka, maana hizo alishazifagia asubuhi. Alifagia nyayo. Alirudi kinyumenyume, ufagio wa njukuti za mnazi ukiacha mistari myembamba kama ya kitana kichwani, mpaka kisigino chake kikagusa kizingiti, na hapo akaingia ndani. Asubuhi alikuwa wa kwanza kutoka. Alisimama na kikombe chake cha chai ya rangi akausoma ule mchanga kama wengine wanavyosoma gazeti: nani alitoka, nani alirudi, paka wa nani alipita, na kama kuna mguu asioujua.

"Wewe," aliniambia juma langu la kwanza pale Magogoni, "kandambili yako ya kushoto imeliwa kisigino. Watembea kama mtu aliyebeba kitu upande mmoja. Wabeba nini?"

"Sibebi kitu, Mama."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayeliweka jibu akibani ili siku moja alilinganishe na jingine.

Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wapangaji, muuza maji, majirani waliomzidi umri, wote walimwita Mwenye Nyumba. Alilipenda jina hilo, na kila alipoitwa hivyo mbele ya mgeni alilisahihisha kidogo, kama anayenyoosha kola ya mtoto: "Mwenye nyumba. Ardhi si yangu."

Nilikuwa nimetoka bara, na nilichukua muda kuelewa. Huku pwani kuna watu wengi ambao kuta ni zao na mchanga ulio chini ya kuta ni wa mwingine. Unajenga, unazaa, unapangisha, unazeeka, na kila mara unalipa kodi ya ardhi kwa familia ambayo huenda hujapata kuiona uso. Mlango ni wako, mabati ni yako, boriti ni zako. Pale vinaposimama si pako. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele na uani nyuma, na aliishi ndani yake kama mtu aliyeketi kwenye kiti alichoazimwa: wima, akisikiliza.

Sijapata kuona mtu mwenye shaka kama yeye. Maji ya mtungi wa muuza maji aliyanusa kwanza, kisha akamwambia muuza maji ayanywe. Utabiri wa hali ya hewa redioni ulimuudhi. "Wamejuaje?" alinung'unika, na mvua ikinyesha kama walivyosema ndiyo alizidi kuwashuku. Harusini hakukubali kiti alichoonyeshwa. Alisimama, akatazama ukumbi mzima, akaenda kuketi mahali ambapo hakuna aliyemkaribisha. Nilipomuuliza sababu alinitazama kwa huruma. "Mtu akuonyesha mahali pa kuketi kabla hujasema umechoka. Yeye ana haja gani na wewe kuketi pale?"

Nilipoanza kuandika riwaya yangu ya kwanza, mlio wa vitufe ulimfikia ukumbini. Alibisha mlango. "Waandika nini mchana wote?"

"Hadithi, Mama."

"Mimi nimo?"

"Humo, Mama."

"Mbona?" aliuliza, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Lakini ni mwanamke huyohuyo aliyekuwa akiniletea mahamri na mbaazi za nazi kila Jumamosi, zimefunikwa kwa kawa, bila kunidai hata shukrani. Alichodai ni sahani. Sahani irudi kabla ya adhuhuri, na ikirudi aliigeuza kuangalia chini yake, kama kweli ni ile ile. Nilipougua malaria aliketi mlangoni kwangu siku nzima akifuma kitambaa. Nilidhani ananiuguza. Baadaye aliniambia alitaka kuona nani atakuja kunitazama, maana hapo ndipo mtu hujulikana ana watu gani. Nadhani yote mawili yalikuwa kweli.

Hakukuwa na jambo lililomshtua kama lile la droni. Asubuhi moja alikuwa uani akianika leso. Kindege kidogo cha kupigia picha kikaja kikivuma, kikasimama angani juu ya paa letu, kikasogea, kikasimama tena. Barabarani walisimama vijana wawili wenye fulana za rangi ya machungwa, na kati yao alikuwepo wakala wa wenye ardhi, yule aliyekuwa akija kuchukua kodi, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini. Aliinua mkono kutusalimu. Mwenye Nyumba hakuitikia. Alijifunika leso mbichi kichwani akakitazama kile kindege mpaka kikaondoka.

"Wameliona paa langu," alisema. "Mimi sijapata kuliona."

Nilimwonyesha kwa ramani ya simu. Aliitazama kwa dakika nzima. "Hii ni picha. Mtu anayekuonyesha picha alichagua wakati wa kuipiga. Nataka kwenda mwenyewe, nigeuke nipendapo, nitazame kama wanavyotazama wao."

Ndipo nikaikumbuka simuleta. Nilikuwa nayo kwenye diski ndogo ya mkononi tangu chuo: programu ya ndege, ambayo inakufanya uwe rubani ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki. Dunia nzima imo, na viwanja vyake vya ndege, hata huu wetu wa Changamwe. Ukumbini kwake kulikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiacha binti yake alipoolewa Malindi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kaburi la walii. Nilimwambia tunaweza kuiweka humo.

"Nani amekupa?"

"Rafiki wa chuo."

"Na yeye alipewa na nani?"

Ilimchukua majuma kadhaa kukubali. Alhamisi moja, aliporudi kutoka kwenye mazishi (siku zile alikuwa akienda mazikoni karibu kila Alhamisi), alikiondoa kile kitambaa, akakikunja, akakikalia. "Haya. Anza. Lakini polepole, nione kila unachobonyeza."

Nikachomeka diski. Kikatokea kisanduku.

"Inauliza tuiweke wapi," nikasema.

"Yauliza kweli, au imeshaamua yangoja niitikie?"

Nikacheka, maana ilikuwa kweli. Jibu lilikuwa limeshajazwa. "Imependekeza hapa, Mama. Diski ya C, kwenye folda ya programu. Ndiko zinakokaa zote. Tunabonyeza tu endelea."

"Toa mkono." Nikautoa. "Hiyo folda ni ya nani?"

"Ya nani vipi?"

"Nakuuliza kwa Kiswahili. Ni ya nani?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo, na ilibidi nifikiri. "Ni ya mfumo. Ya kompyuta yenyewe. Unaweka vyako, unavitumia utakavyo. Ila ukitaka kubadilisha kitu, tuseme kuongeza nyumba au barabara kwenye ile dunia, mfumo unadai ruhusa. Mara nyingine unakataa. Mara nyingine unajifanya umekubali, halafu ulichokiweka hukioni."

Alivua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya leso muda mrefu.

"Yaani nyumba yangu, ardhi yake," alisema. "Mwanangu, waniletea hadi hapa ukumbini mambo ya wakala?"

"Basi tuiweke kwenye diski hiyohiyo, lakini nje ya folda. Hapo hudaiwi ruhusa sana."

"Na mfumo ukifa?"

"Fundi anaweza kuifuta diski yote. Na ndege nayo."

"Huko ni kujenga kwenye mkondo wa maji. Wapi pengine?"

"Inaweza kubaki kwenye diski yangu hii. Itakuwa nzito kidogo, lakini itakwenda."

"Na siku ukihama?"

"Nitakuachia."

"Kila anayehama husema ataacha kitu. Yule wa chumba cha mwisho alisema ataacha pazia." Akanisogelea. "Hakuna pengine?"

Palikuwepo pengine. Kompyuta ile ilikuwa na diski ya pili, D, lakini ilikuwa imejaa video za harusi ya binti yake. Nilimwambia. Akataka kuziona, na mchana ule wote tukatazama harusi: bibi harusi akishushwa garini, wanawake wakipiga vigelegele, mikono yenye hina, Mwenye Nyumba mwenyewe akiwa ameketi kwenye kona ambayo hakuna aliyemwelekeza. Kila nilipomwuliza kama tufute hii alitikisa kichwa. Mwishowe tukafika kwenye video ndefu ya wageni wakila.

"Hiyo itoe," alisema. "Walikula wakashiba, kisha wakasema pilau haina chumvi."

Ikatoka, na nafasi ikapatikana. Sasa folda ilihitaji jina. Nilianza kuandika jina la ndege, akanishika mkono.

"Andika Mapishi."

"Mapishi, Mama?"

"Nani ataiba mapishi yangu?"

Kwa hiyo ndege ikakaa D, ndani ya Mapishi, ambako hakuna aliyempangia Mwenye Nyumba na hakuna wa kumwomba ruhusa. Sikuwahi kumwona ametulia kama jioni ile. Alifagia mchanga wake akiimba puani.

Kuruka alijifunza kwa ukali. Siku za kwanza aliiingiza ndege kwenye nyasi, akanilaumu kwamba nimeegemea meza. Lakini alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: hakuamini chochote alichoambiwa na kioo cha kompyuta, kwa hiyo alitazama kila kitu. Siku aliyofaulu kuinuka kutoka Changamwe alishikilia usukani wa mchezo niliomchomekea kwa mikono yote miwili, akapita juu ya gati na meli, akavuka maji ya Tudor. Alikuwa akipumua kwa nguvu. "Nyali ile," alisema. Ndiyo, Nyali ilikuwepo, na hoteli zake zimepangwa ufukweni moja baada ya nyingine. Akaipita. Akashuka kidogo. Akatafuta.

Magogoni palikuwa kijani. Vichaka na nyasi, na hapa na pale nyumba moja yenye vigae vyekundu, ya nchi ya baridi, iliyodondoshwa bila mpango. Hapakuwa na barabara yetu, hapakuwa na msikiti. Alizunguka. Akazunguka tena.

"Wameshatuondoa," alisema.

"Hapana, Mama. Ni programu ya zamani. Walioitengeneza hawakujua kama huku kuna watu."

"Nyali walijua."

Nilimwambia jambo moja tu: kwa kuwa ndege iko mahali petu wenyewe, tunaweza kuijenga nyumba na kuiweka. Nikatafuta programu nyingine ndogo ya kuchorea majengo, na tukaanza. Alitaka iwe kweli kabisa. Alipima ukumbi kwa leso, akafunga fundo kwenye kamba kila mwisho wa leso. Alipima baraza, akahesabu mabati. Alipiga picha milango kwa simu yake, mbele na nyuma. Nilimkuta nje ya dirisha langu akigusa nondo. "Hii ya kati imepinda," alisema. "Iwe imepinda."

Wakati huohuo wakala alinikuta kwenye kibanda cha chapati. Aliniita kaka. Aliniuliza riwaya inaendeleaje, na nikashtuka kwamba anajua. Kisha akashusha sauti.

"Kaka, nakupenda ndiyo maana nakwambia. Tafuta chumba mapema. Mama ameshakubali."

"Amekubali nini?"

"Kuondoka. Ardhi imeuzwa. Yeye mambo yake yako sawa, bado kuwaambia nyinyi tu. Humwoni anapima nyumba?"

Nilirudi nyumbani na ule upimaji wake wote ukawa na sura nyingine. Kwa nini mtu apige picha milango, mbele na nyuma? Kwa nini atake idadi ya mabati? Na yale mazishi ya Alhamisi: nilianza kuwahesabu wafu wake, nikaona ni wengi mno kwa mtu asiyekuwa na jamaa wengi. Hakurudi na uso wa kilio. Alirudi na udongo mwekundu kwenye viatu, na udongo wa Magogoni ni mchanga mweupe. Nikawa nausoma mguu wake kama alivyousoma wangu. Kwa siku kadhaa tuliijenga nyumba ile kwenye kioo, mimi na yeye, bega kwa bega, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Mwishowe nikashindwa. "Mama, umekubali kuondoka?"

Hakushtuka. Aliacha kipanya. "Nani kakwambia?"

"Wakala."

"Aliketi au alisimama?"

"Alisimama."

"Mimi aliniambia ameketi, na kikombe changu mkononi. Alisema wapangaji wangu wote mmeshakubali kuhama, na majirani wote wameshatia sahihi, nimebaki peke yangu kama jino. Akasema wewe ndiye wa kwanza kukubali. Akajua hata kisa chako cha kuandika hadithi." Alinitazama. "Nilikungoja uniambie. Nikaona wanijengea nyumba kwa bidii, nikasema, huyu ana la kuficha."

"Mimi sijamkubalia lolote, Mama," nikasema. Kisha akainuka, akajitanda leso, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilimwona akivuka kwenda nyumba ya pili, ambako hakuwa amekanyaga miaka mingi kwa sababu ya ugomvi wa mfereji wa maji ya paa. Nilimsikia akipiga hodi. Nilimsikia jirani akisema, kwa mshangao, "Karibu, Mwenye Nyumba." Na baada ya muda nikasikia kilio.

Kila nyumba ilikuwa imeambiwa kwamba ya pili imekubali. Kila mmoja, kwa kuogopa kubaki wa mwisho, alitia sahihi kimya kimya na kuacha kumsalimia mwenzake kwa aibu. Ingetosha mtu mmoja avuke uchochoro aulize. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mmoja alidhani anamficha mwenzake. Mtaa mzima ulikuwa umeuzwa kwa njia hiyo, isipokuwa nyumba ya mwanamke asiyekubali kiti anachoonyeshwa.

Hakushinda. Sitaki kumpamba. Ardhi ilikuwa ya wenyewe na waliiuza. Lakini kwa kuwa sahihi yake ndiyo pekee waliyoikosa, ilibidi wakala arudi mara kwa mara kumbembeleza, na alichodai Mwenye Nyumba kilimshangaza kila mtu: tingatinga lisiguse ukuta wake. Ataibomoa mwenyewe. Akapewa muda, na akaibomoa kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Mabati yaliteremka moja moja. Boriti zilifungwa kwa kamba. Milango ilitolewa na fremu zake, na zile picha za mbele na nyuma zikaonyesha kila bawaba inarudi wapi. Mzigo wote ukapakiwa kwenye lori, ukaelekea Utange, kwenye udongo mwekundu, kwenye kiwanja alichokuwa amekinunua kwa siri, akikitembelea kila Alhamisi.

Majirani walisema alijua tangu mwanzo na akawaacha. Mimi mwenyewe nilimuuliza, tukiwa tumesimama mahali palipokuwa ukumbi.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Sikujua. Nilishuku. Kujua ni kwa Mungu." Akaangalia mchanga mtupu. "Na ningewaambia, wangeniamini? Wewe uliniamini?"

Nilihamia Likoni, na kivuko kikafanya umbali uwe mrefu kuliko ulivyo. Ilipita zaidi ya mwaka kabla sijaenda Utange. Sikupiga simu kwanza. Niliijua nyumba kwa mlango wake, ingawa sasa ilikuwa na vyumba vitatu tu. Mbele palifagiwa, udongo mwekundu una mistari ya kitana, na nikaukanyaga kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alitoka, hakunitazama usoni. Alitazama nilikopita. "Viatu vipya," alisema. "Lakini mzigo uko upande ule ule. Hujaniambia wabeba nini."

Alininywesha chai. Aliniuliza kama riwaya imeisha, na kama yumo. Nilimwambia sasa yumo. "Mbona?" aliuliza. Kisha akafunga mlango wa mbele, akachungulia dirishani, akaondoa kitambaa juu ya kompyuta. Folda ilikuwa palepale, Mapishi. Akainuka Changamwe bila kutetereka, mikono yake sasa mikavu na myepesi. Akapita juu ya gati, akavuka Tudor, akaiacha Nyali bila hata kuitazama. Tulipofika juu ya Magogoni nilisogeza kiti.

Palikuwa kijani kitupu. Nyumba tuliyoiweka pamoja haikuwepo.

"Mama, imefutika? Nilikwambia uhifadhi—"

"Nyamaza."

Aliipita Magogoni. Akaipita Utange. Akashuka kuelekea bara, kwenye vichaka ambako programu haikujisumbua kuchora hata njia ya mbuzi, akainamisha bawa, na hapo, nyuma ya kilima kidogo, nikaliona paa. Mabati yake, baraza yake, vyumba vyake vyote sita. Upande wa uani palikuwa na dirisha langu, na nondo ya kati imepinda.

"Mama, si hapa," nilisema. "Ilikuwa kule, karibu na msikiti."

"Najua ilikokuwa. Nimejifunza kuihamisha mwenyewe." Aliizungusha ndege taratibu juu ya lile paa, mara moja, kisha mara nyingine, kama mtu anayekagua kufuli. "Wakala akija na kindege chake aitafute."

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama machoni moja kwa moja.

"Binti yangu hajaiona. Nimekuonyesha wewe peke yako. Ikivunjwa, nitajua ni nani."